Usinilishe Maneno

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limeanza kukunjika. Mwambie ile dawa ya kuchua asiigawe kwa majirani. Nilimnunulia yeye, si mtaa mzima. Huku hatujambo. Mke wangu amerudi kazini kwenye duka la dawa, zamu ya asubuhi. Chiriku yuko darasa la pili sasa. Meno ya mbele yameng'oka, akicheka anafanana na Mama kabisa. Dirisha la jikoni bado halifungi. Fundi alikuja, akalitazama, akaondoka na bisibisi yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilipoona mwandiko wako kwenye rundo la mashairi yaliyotumwa kwa ajili ya kitabu chetu kipya cha madarasa ya chini, nilicheka peke yangu ofisini. Miaka yote hii una ndugu mhariri, na bado umepanga foleni kama watu wengine! Siku ile ile nilimwambia bosi wangu kwamba mwandishi ni dada yangu, lisije kuwa jambo baadaye. Akasema jopo ndilo linaloamua, yangu ni kusafisha tu. Basi, jopo limelisoma na limelipenda. Nalinakili hapa tuliangalie pamoja:

*Pi-pi-pi-pi pikipiki,*
*asubuhi haiwaki,*
*yakohoa, haicheki:*
*ngoja kwanza, itawaka!*

*Ga-ga-ga-ga gari bovu,*
*lina moshi na makovu,*
*bado lina zake nguvu:*
*ngoja kwanza, litawaka!*

*Ta-ta-ta-ta taa yangu,*
*imezima, ole wangu,*
*usicheke, we mwenzangu:*
*ngoja kwanza, itawaka!*

*Ni-ni-ni-ni nina neno,*
*limekwama kwenye meno,*
*usinilishe maneno:*
*ngoja kwanza, litatoka!*

Umbo lake halina kasoro. Beti nne, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Nimehesabu kwa vidole kama ulivyonifundisha. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, kisha kituo kinakuja na kina chake cha *-ka*, kile kile mpaka mwisho. Mtoto analishika kwa siku moja.

Kilicholeta mjadala ni zile silabi nne zinazofungua kila ubeti. Mkaguzi wa shule aliyemo kwenye jopo anasema zinawafundisha watoto kigugumizi, na wengine wataona ni dhihaka. Wanapendekeza "Pikipiki, pikipiki", "Gari bovu, gari bovu", na hivyo hivyo hadi "Nina neno, nina neno". Angalia, Dada: mizani ni nane vile vile, kina hakijaguswa, takriri ipo. Hakuna kilichopungua. Kwenye ubeti wa nne wanaomba pia "limekwama" iwe "limekaa", ili mtoto asikate tamaa.

Nimeambatisha karatasi ya kukubali mabadiliko. Tia sahihi uirudishe kabla mwezi haujaisha.

Msalimie Mama.

Mdogo wako.

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu na anasema dawa ni yake, atampaka amtakaye. Goti linakunjika, ila likikunjika linalia hadi chumba cha pili. Darasani kwangu paa lilivuja kwenye kona ya kabati, tukahamisha kabati, sasa linavuja kwenye kona ya pili. Nadhani lina kisa na kabati. Mpe wifi yangu hongera. Na Chiriku mbona haniandikii? Mwaka jana alinijazia kurasa kwa habari za paka wa jirani, mpaka nikamjua yule paka kuliko ninavyowajua walimu wenzangu.

Karatasi yako hiyo hapo, nakurudishia. Haina sahihi na haitakuwa nayo.

Unasema hakuna kilichopungua. Hebu lisome hilo lenu kwa sauti. "Pikipiki, pikipiki, asubuhi haiwaki." Nani kasema haiwaki? Imeshawaka! Imetamkwa mara mbili bila taabu, inateleza kama imetoka dukani leo. Langu linasema pikipiki inakohoa, na mdomo wa msomaji wenyewe unakohoa kabla hajaambiwa. Nyie mmebakiza habari ya kikohozi, kikohozi mmekitoa. Na ubeti wa mwisho ndio mmeumaliza kabisa. "Nina neno, nina neno." Sasa kama analo na amelisema mara mbili, limekwama wapi? Hilo "limekaa kwenye meno" ndilo limenichekesha. Kinachokaa kwenye meno ni nyama. Mpeni mtoto kijiti.

Mizani haikupungua, nakubali. Kilichopungua ni kusubiri. Kwa silabi nne darasa zima linasubiri neno pamoja na yule aliyekwama, hata wale ambao ndimi zao hazijawahi kukwama. Hiyo ndiyo kazi ya silabi hizo. Ukizitoa, umetoa shairi na kubakiza vina.

Nawe unajua fika limetoka wapi, ingawa barua yako yote imelizunguka kama mtu mwenye viatu vipya anavyozunguka dimbwi. Ulikuwa na miaka minane. Mwalimu wako wa kusoma alikuwa anakusimamisha kila asubuhi, na kila mchana unarudi umefunga mdomo kama bahasha. Siku moja tumekaa kibarazani, jirani yetu makanika anapiga kiki pikipiki yake, pi-pi-pi-pi, haiwaki, na hakuna mtu mtaani aliyeicheka wala aliyeisukuma. Watu walipita, wakamsalimu, wakaenda zao. Wewe ukaangua kicheko. Jioni nikalitunga, na wewe ukalisema lote, kutoka juu mpaka chini.

Mwambie mkaguzi wako: ama zima, ama hakuna.

Dada yako.

23 Machi

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na vitabu vya kupeleka kiwandani. Hatujambo wote. Chiriku hajambo. Namwombea Mama nafuu.

Hoja zako nimeziwasilisha kwa jopo kwa maandishi. Mwenyekiti amezisoma na anazithamini. Mkaguzi hajabadilika: watoto wenye tatizo hilo watachekwa, na kitabu ndicho kitakuwa kimewapa wenzao fimbo. Kwa kweli naona ana hoja.

Mambo ya zamani uliyoyagusia hayahusiani na kazi hii. Nakuomba usiyarudie katika barua zinazokuja kwa anwani ya ofisi.

Naambatisha karatasi nyingine.

Mdogo wako.

*Wifi, shikamoo. Kaniachia barua niipeleke posta, nami nimeifungua, anisamehe. Hapo aliposema Chiriku hajambo, si kweli. Tangu shule zifunguliwe maneno yanamkwama. Alianza kidogo, tukadhani ni meno, lakini meno yameanza kuota na maneno bado. Darasani wamempa jina, sitaki hata kuliandika. Sasa hasemi kitu, anaashiria kwa kidole. Baba yake hataki lizungumzwe hapa nyumbani. Nikilianza, anatoka kwenda kutazama dirisha la jikoni. Ndiyo maana hakuandikii. Nimeona nikwambie. Wifi yako.*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yuko kibarazani na goti lake na majirani wawili, wote watatu wananuka dawa yako. Paa la darasa limezibwa. Limezibwa kwa karatasi, lakini limezibwa.

Barua hii nimeituma nyumbani kwako, isionekane ofisini. Umeona ninavyokuheshimu.

Habari za Chiriku nimezipata. Usiniulize zimepita mlango gani. Tangu nizipate nakuwaza wewe na yeye katika nyumba moja, kila mmoja amefunga mdomo kwa sababu ya mwenzake, na nikiwaza hivyo nataka kupanda basi nije niwatikise wote wawili.

Sasa naelewa kwa nini mkaguzi "ana hoja". Unaogopa kitabu kitafika darasani kwa mwanao, na kila mtoto atageuza shingo kumtazama. Sawa, ni hofu ya mzazi, siicheki. Lakini hilo jina wameshampa, bila kitabu. Hawakusubiri jopo. Ukifuta zile silabi kwenye karatasi, hutakuwa umezifuta mdomoni mwake. Utakuwa umemwambia tu kwamba hata kwenye shairi hazitakiwi.

Tazama mshororo wa tatu kwa kila ubeti, maana hukuutaja ulipokuwa unanihesabia vina. Ubeti wa kwanza, pikipiki haicheki. Wa pili, gari bado lina nguvu zake. Wa tatu, anayetazama anaambiwa asicheke. Wa nne anaambiwa asimlishe mwenzake maneno. Yaani shairi linaanza kwa kumtazama aliyekwama, halafu polepole linageuka kumtazama wewe uliyesimama pembeni. Ndiyo mantiki ya kuzipanga beti hivyo. Aliyekwama haombi huruma hata mara moja. Anatoa amri: ngoja.

Nimemwandikia mwenyekiti moja kwa moja. Nimemwambia wakibadili silabi moja, nalitoa kitabuni.

Mpe Chiriku barua iliyomo ndani. Ni ya paka tu, usiifungue.

Dada yako.

11 Mei

Dada,

Shikamoo.

Najua nani kakwambia. Nimeshasema naye na tumeshamalizana.

Umeniambia mengi, nami nikuulize moja. Umewahi kusimama? Si mbele ya darasa ukiwa na chaki. Kusimama huku neno unaliona kabisa, unajua herufi zake zote, na halitoki, na wote wanakutazama mdomo. Umewahi? Wewe ulikaa kibarazani na kalamu. Ukachukua sauti yangu ukaifanyia mizani. Kwa miaka mingapi umelifundisha shairi hilo? Watoto wangapi wamepiga makofi wakisema pi-pi-pi-pi? Kila nilipokuja likizo nilikuwa nawasikia uwanjani kwako, na kila mara nilijua wanachokisema ni mimi. Hukuniuliza. Sikulisema lile shairi jioni ile kwa sababu lilinifurahisha. Nililisema kwa sababu ulikuwa umelitunga wewe, na ulikuwa unanitazama.

Unajua kwa nini nimekuwa mhariri? Kwa sababu tangu utoto kazi yangu ni hiyo. Neno gumu likija mdomoni nalitoa, naweka jepesi. Dukani sisemi "maziwa", naonyesha. Kwenye mikutano naandika. Watu wananiita mtu mpole. Nimekaa ofisi moja miaka kumi na hakuna anayejua, na nilipanga wasijue mpaka nistaafu.

Wiki iliyopita tuko mezani. Chiriku akanitazama, akaanza, "Baba, naomba ma-ma-ma..." Nikaogopa, nikamalizia, "Maji?" Nikammiminia. Akaitazama glasi, akasema, "Si maji!" Hilo lilitoka bila kukwama. Halafu akaenda kwenye droo, akachukua makasi, akatoka. Makasi, Dada. Alitaka kukata picha.

Sijui nifanye nini. Lakini usinifundishe mimi habari ya kungoja.

Mdogo wako.

20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kweli sikukuuliza. Basi nakuuliza leo, na nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima: nilitoe? Ukisema nilitoe, nalitoa kitabuni, na darasani kwangu halitasomwa tena, na sitakununia. Lilianza kwako, una haki nalo kuliko mimi.

Ila sikupi haki ya kulikata. Kulizika unaweza. Kulikata miguu halafu kuliambia litembee, hapana. Wewe wala mkaguzi wala jopo zima na viti vyao.

Mama anauliza kwa nini naandika huku napumua kwa nguvu. Nimemwambia ni vumbi la chaki.

Nasubiri jibu lako. Umeniambia sijui kungoja, ngoja tuone.

Dada yako.

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Najua umengoja. Juni yote na Julai yote, bila hata kipande cha karatasi cha kunisukuma. Nimeona, na nimekuheshimu kwa hilo. Hatujambo, na safari hii nikisema hatujambo nina maana yake. Mama naye vipi? Mke wangu amemtumia chupa tatu za dawa, agawe mpaka achoke.

Nikusimulie ilivyokuwa, usije ukaisikia kwa wifi yako akaitia chumvi.

Karatasi za shairi nilikuwa nazileta nyumbani na kuzirudisha ofisini bila kufanya kitu. Jumamosi moja niliziacha mezani, nikaenda kuoga. Natoka, nasikia sauti sebuleni. Chiriku alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, anasoma kwa kidole. "Pi-pi-pi-pi pikipiki." Dada, hakukwama. Zile nne alizihesabu, pi-pi-pi-pi, kama mtu anayeshuka ngazi anazozijua. Alikwama mbele kidogo, kwenye "yakohoa", akatulia, akalitoa, akaendelea. Akafika ubeti wa mwisho akausoma mara mbili. Mimi nimesimama na taulo.

Akaniona. "Baba, nani ka-ka-kaandika hii?"

"Shangazi yako."

"Alikuwa ananijua?"

"Hukuwa umezaliwa."

"Sasa huyu ni na-nani?"

Ningeweza kumwambia ni mtoto wa kwenye shairi tu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, nyepesi, haina hata neno moja gumu. Nikaiacha. Nikasema, "Ni mi-mi-mimi."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima. Kisha akasema, "Na hukuniambia." Akarudia kusoma kwake, mimi nikaenda kuvaa.

Tangu siku hiyo hapa nyumbani siruki neno. Nikikwama, nakwama. Siku ya kwanza mke wangu alilia, siku ya pili akaniambia niongee kabla chakula hakijapoa.

Jopo lilikutana wiki iliyopita kuamua. Kawaida mimi hukaa mwisho wa meza na kuandika. Safari hii nikanyoosha mkono. Mwenyekiti, mama mmoja mstaafu, mtu mwema sana, akashangaa mpaka akavua miwani. Nikasimama nikalisoma. Beti tatu nilizisoma vizuri kupita kiasi, zile silabi zikasikika kama maigizo, na mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikafika wa nne. "Ni-ni-ni-ni nina neno." Kisha "li-", na hapo ikanikamata kweli kweli. Li-li-li. Shingo imekaza, jasho linashuka mgongoni, nasikia feni ya dari inavyozunguka. Mtu akakohoa. Mwenyekiti, kwa wema wake, akanong'ona, "Limekwama."

Nikamwambia, "Mwe-mwenyekiti, mshororo wa tatu."

Wote wakainamisha vichwa kwenye karatasi zao kutafuta mshororo wa tatu. Nikawaona wanaupata, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akaweka mkono mdomoni. Hapo ndipo nikalimalizia, "limekwama kwenye meno," na mishororo iliyobaki, na hakuna aliyenisaidia tena.

Halafu nikawaeleza, na nilichukua muda wangu. Niliwaambia watazame kituo. Mara tatu kinasema *waka*, mara ya nne kinasema *toka*. Ukiacha *i* na *li* za mwanzo wa kitenzi, silabi moja tu ndiyo iliyobadilika katika kibwagizo kizima, na ndiyo iliyobeba shairi, kwa sababu hapo vyombo vimeisha, amebaki mtu. Lakini mkiandika "Nina neno, nina neno", neno limeshatoka tangu mshororo wa kwanza, na *litatoka* haina kazi tena. Mmebakiza mlango, mmeondoa nyumba.

Mkaguzi akasema, "Watoto watacheka."

Nikamwambia, "Wa-wacheke. Wacheke wote, wakiwa wanazisema wote. Sasa hivi wanamcheka mmoja."

Akasema, "Wewe una masilahi, mwandishi ni dada yako."

Nikasema, "Ndiyo. Na aliyetungiwa ni mimi. Masilahi yangu ni ma-makubwa kuliko unavyodhani."

Wakapiga kura. Limepita zima, silabi zake zote, kwa kura moja ya ziada. Mkaguzi ameomba upinzani wake uandikwe, na nimeuandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake bosi akaniita. Akasema mhariri hasimami kutetea kazi ya ndugu yake mbele ya jopo, hata kama alitangaza mapema. Nilitakiwa nitoke nje ya chumba. Anasema kweli, sikumbishia. Jina langu limeondolewa kwenye ukurasa wa wahariri, na kuanzia mwezi huu niko kwenye vitabu vya hesabu. Aliniuliza kama ninajuta. Nikamwambia ningesimama tena. Nilikwama kwenye "ningesimama", naye akangoja. Hilo nimelichukua kama mshahara.

Umeuliza kama ulitoe. Usilitoe.

Mdogo wako.

14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimeisoma barua yako kwa Mama, akaniambia nirudie pale pa mwenyekiti. Nikarudia. Akaniambia tena. Halafu akasema mwaka ule alipishana sokoni na yule mwalimu wako wa kusoma, akakataa kumsalimu, na mpaka leo hajutii. Kumbe na yeye alikuwa na vita vyake, na hakutuambia.

Uliyoniambia mwezi wa tano sijayasahau eti kwa kuwa mambo yameenda vizuri. Shairi nimelisimamisha darasani kwangu kwa sasa. Siku utakapokuja, utawafundisha wewe mwenyewe, kwa namna utakavyo, au hutawafundisha. Mimi nitakaa nyuma.

Kuhusu hesabu, usijali. Wewe na vidole vyako vya mizani, utaelewana nazo.

Wifi yangu namdai pongezi na yeye ananidai. Mwambie tumelipana.

Dada yako.

27 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Huku ni wazima. Kitabu cha mashairi kimetoka, nakutumia nakala mbili, moja ya Mama. Shairi lako liko ukurasa wa kumi na nne, pembeni wamechora pikipiki inayotabasamu. Haicheki, inatabasamu. Nilijaribu kuwaambia, lakini mimi sasa ni mtu wa hesabu.

Shule ya Chiriku ilikuwa na siku ya kusoma mbele ya wazazi. Kila mtoto wa darasa la pili achague shairi moja kitabuni. Nilivaa shati la kazini. Nilikuwa nimelijaribu lako naye jikoni mara kadhaa, na nilikuwa na uhakika, Dada, nilikuwa na uhakika kabisa. Mke wangu alikuwa na leso tayari mkononi.

Jina lake likaitwa, akaenda mbele. Mwalimu wake, kijana mchangamfu, akawaambia wazazi, "Huyu shangazi yake ndiye mtunzi wa shairi la pikipiki, na ndilo atakalotusomea."

Chiriku akatikisa kichwa. "Hilo ni la Ba-Baba," akasema. "Mimi nasoma la mvua."

Hilo la mvua utaliona kitabuni. Liko ukurasa wa thelathini. Mishororo mirefu, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, na mtunzi alipenda herufi *m* kama mwendawazimu: mvua, mawingu, mabati, mifereji, miguu, matope. Ndiyo herufi inayomkaba kuliko zote. Nilitaka kuinuka nimnong'oneze achague jingine. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Akaanza. Kwenye neno la pili akakwama. Ma-ma-ma. Watoto wawili watatu wakachekacheka. Baba mmoja safu ya nyuma, nadhani alimwonea huruma, akasema kwa sauti, "Mawingu!"

Chiriku akaacha kusoma. Akamtazama yule baba. Kisha akarudi mwanzo wa mshororo, akauanza upya.

Akapita mawingu. Akafika mabati, akakwama. Mama mmoja mbele akamsaidia, "Mabati, mwanangu." Chiriku akarudi mwanzo wa mshororo tena. Hakukasirika, hakulia. Alirudisha kidole chake kwenye neno la kwanza kama mtu anayerudisha gari nyuma baada ya kuzibiwa njia na mwenzake, akaanza. Mara ya tatu aliyemsaidia alikuwa mwalimu wake, na yeye akarudishiwa mshororo wake.

Basi ukumbi mzima ukaelewa. Nilisikia kabisa ukielewa. Watu wakafunga midomo. Mtoto aliyetaka kucheka akapigwa kiwiko na mwenzake. Kengele ya mapumziko ikalia, nje madarasa mengine yakatoka kwa kelele, ndani hakuna aliyeinuka. Alisoma beti zote. Kila *m* alipambana nayo, na hakuiruka hata moja wala hakuibadilisha na neno jingine, na mimi najua pa kubadilisha palikuwa wapi, maana kichwani mwangu nilikuwa nimeshalihariri shairi zima.

Alipomaliza watu wakapiga makofi. Hakuinama wala hakutabasamu. Alifunga kitabu, akarudi kwenye kiti chake, akamsogeza jirani yake aliyekuwa amekalia nafasi yake.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alichagua lile. Nilikwama kwenye "kwa nini". Akangoja nimalize. Kisha akasema, "Lile nalipenda. Li-linanyesha kweli."

Mdogo wako.